Mbwa wa Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, miguu haikuumi, na wale wazee unaowauguza wanakuachia walau nafasi ya kula ukiwa umekaa. Kile kifua kimepona? Ulipopiga simu juzi nilikusikia ukikohoa, lakini kabla sijauliza nikawa nimeshaporwa simu. Kunywa maji ya moto, vaa soksi mbili, usijifanye chuma.

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika kila nikipiga magoti kugongelea misumari chini ya makochi, lakini goti ni langu mwenyewe, sina wa kumshtaki. Mwanao mkubwa, Wakili wako, amekuwa wa nne darasani na anadai kaonewa. Mdogo wake Tinga naye jino la mbele limeng'oka, basi kutwa anatema mate pembeni kama dereva wa lori, na akigombezwa anasema ni pengo linalotema.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Simu hiyo si yangu tena, mdogo wangu. Ikilia tu, watoto hawa wawili wananirukia, wanakwenda nayo chumbani, na ikinifikia mimi unakuwa umebakiza neno moja: haya dada, naingia kazini. Ndiyo maana barua hii nimemkabidhi muuguzi mwenzako aliyekuja likizo, akuletee mkononi. Uisome umekaa.

Nianze na la mbwa.

Ulipowaahidi mbwa mdogo, kazi ya kumtafuta ukanitupia mimi. Sikukataa. Lakini tangu siku ile, mbwa mwenyewe hajaonekana hata mkia, tayari alikuwa na jina: Mbwa wa Mama. Naambiwa: Mama Mkubwa, usikalie hapo, hapo ni pa Mbwa wa Mama. Na hapo penyewe ni kigoda changu cha kazi! Nikamuuliza Wakili, mkojo wa huyo mbwa utaupangusa wewe au mama yako? Akanijibu kwamba Mama yuko mbali, kwa hiyo kisheria ni mimi. Sasa niambie, mtoto huyo utamfanya nini?

Nitasema waziwazi, maana kuficha kunanipandisha presha: nakuonea wivu. Wivu wenyewe si wa kucheka. Mimi sikujaaliwa mtoto, unajua. Ulipoondoka, Tinga alikuwa hajaanza kutembea. Hatua yake ya kwanza aliipigia hapa chumba cha mbele, kwenye vumbi la sponji, kashikilia mguu wa kochi la mteja, na mikono iliyomdaka ni hii yangu. Leo anaambiwa shuleni achore familia, amekuchora wewe karatasi nzima, una hereni mpaka mabegani. Mimi kaniweka pembeni karibu na cherehani, hata miguu hakunipa. Wewe ndiye pipi, mimi ndiye dawa ya minyoo.

Fundi viatu wa jirani aliniona nimenuna akaniambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikamjibu pale pale: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Tangu hapo haniazimi gundi.

Basi tukaenda kwa mfugaji, mama mmoja mstaafu anayefuga mbwa wadogo tupu. Wananukia sabuni kuliko mimi. Wa kwanza alikuwa yule uliyetutumia picha yake, chiwawa, masikio makubwa kuliko kichwa, anatetemeka utadhani ana homa. Tinga akambeba kama anavyobeba kila kitu, yaani kwa shingo. Mbwa akalia, akamng'ata kidole. Tinga akamwachia, na bahati yetu mfugaji alimdaka kabla hajafika sakafuni. Yule mama akasema mifupa ya hawa ni kama njiti, na mtoto wa umri wa Tinga akikaa naye, mmoja wao lazima ataishia kwa daktari. Tinga alipuliziwa kidole njia nzima. Na mimi, siyo na wewe.

Wa pili ni wa manyoya meupe marefu yanayoburuza chini, jina lake linanishinda kulitamka. Mpole, mzuri, Wakili akampenda hapo hapo. Ila manyoya yale yanataka kuchanwa kila siku, la sivyo yanashikana mafundo. Wakili akaapa atamchana asubuhi na jioni. Huyu huyu ambaye kichwa chake mwenyewe nakichana kwa kumkimbiza mezani mpaka jikoni!

Wa tatu, jamani, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wanaita pagi. Uso umekunjamana kama mtu aliyepewa habari mbaya, pua bapa, macho yamemtoka, mwili mnene wa kushikika. Tinga akamwangukia kwa bahati mbaya, mzima mzima. Mbwa akaguna, akajitoa chini yake, akamlamba kidevu, akarudi kukaa karibu yake. Moyo wangu ukasema ni huyu. Lakini nilikumbuka sharti lako: asizidi kilo tano. Nikasema ngoja nipate ushauri.

Nikampitia daktari wa mifugo, yule kijana mwembamba mwenye kliniki nyuma ya kituo cha mafuta. Nikamweleza tuna watoto wawili, nyumba ndogo, kazi ya makochi, na mdogo wangu anauliza habari ya kilo kila akipiga simu. Daktari akaacha kuandika.

"Mnasafiri naye lini?"

Nikamwambia hapa hasafiri mtu. Akatabasamu.

"Mama, mwenye watoto huniuliza kwanza kama mbwa anauma. Anayeanza na kilo, huyo mara nyingi ana tiketi ya ndege. Wadogo tu ndio wanaoruhusiwa kukaa na abiria."

Nilitoka pale nikasahau mwavuli wangu, na mvua inanyesha.

Nyumbani nikamkuta Wakili amejinyoosha juu ya kochi la mteja wangu mmoja, mhasibu, anafanya hesabu. Nikamuuliza kwa upole kama mama yake anakuja kuwachukua. Mtoto huyu asiyekosa la kusema akaangalia daftari lake. Kisha akasema, "Mama alisema tusikwambie mpaka aje mwenyewe. Alisema utalia." Na Tinga, kutoka chini ya meza, akadakia kwamba yeye atakaa dirishani.

Ala! Mdogo wangu! Mtoto wa miaka mitano ameshachagua kiti cha dirishani, mimi niko hapa nawapimia sare za mwaka ujao! Nilikwenda uani nikajifanya nakung'uta sponji. Nililia, ndiyo. Umenijua vizuri, hongera. Lakini kilichoniuma zaidi si kuondoka kwao. Kilichoniuma ni kwamba wewe uliye mbali una siri na watoto hawa, na mimi ninayewakata kucha sina. Wamekaa nami mezani wiki nzima, wanakula, wanacheka, na midomo wameifunga kwa ajili yako. Kwa ajili yangu hawajawahi kufunga hata mlango wa choo.

Kesho yake nilirudi kwa daktari kufuata mwavuli. Haya, na kuuliza jambo la pili. Nikamwomba anieleze yule pagi, mazuri yake na mabaya yake. Akasema kwa watoto ni mzuri, ana subira, havunjiki ovyo. Mabaya: ananyonyoka manyoya mwaka mzima, anakoroma, jua kali halimfai, na chakula hajui kusema basi. Halafu, akifunga jalada lake, akasema na jingine: hata akiwa mdogo na kilo zake ni halali, ndege nyingi zinamkataa. Pua ile bapa inampa shida ya kupumua.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nilimshukuru mpaka akashangaa.

Nikaenda moja kwa moja kwa mfugaji nikamchukua pagi. Kilo zake kwa sasa hazifiki hata tatu, sharti lako nimelitimiza. Habari ya pua hukuuliza.

Usiseme nimewanyima watoto. Ningekuwa sina wivu hata chembe, bado ningemchagua huyu, maana ndiye anayewafaa, na kidole cha Tinga ni shahidi. Ila nisingekuwa natabasamu vile njiani. Hilo nakuachia ulihukumu mwenyewe.

Ameshakaa nasi wiki mbili sasa. Jina ulilotuma, Lulu, halikumkaa. Tinga alimtazama usoni akamwita Mzee, na Mzee akaitika. Amekwisha kula kona ya sponji ya mhasibu, ikabidi niikate upya, na kochi lake jeusi limejaa manyoya ya rangi ya mchanga. Nimelipangusa kwa utepe wa gundi mpaka vidole vimekufa ganzi. Mhasibu alipokuja aliuliza kama kitambaa kimebadilika. Nikamwambia ni mwanga wa dirishani.

Watoto wanampenda, hilo sikufichi. Wakili amempangia sheria kumi na mbili na Mzee amezivunja zote. Lakini kutwa, wao wakiwa shuleni, Mzee anashinda na nani? Analala juu ya mguu wangu ninaokanyagia cherehani, nikisimama anasimama, nikienda msalani ananisubiri mlangoni anapiga kwikwi. Watoto wakirudi anawapokea vizuri, anazungukazunguka, kisha anarudi kwenye mguu wangu. Juzi Wakili alisimama, mikono kiunoni, akalalamika kwamba Mbwa wa Mama anampenda Mama Mkubwa kuliko wote. Haki ya Mungu, nilikuwa na misumari mdomoni, nusura niimeze kwa raha.

Jioni ile ile akaniuliza Mzee atakaa kiti gani kwenye ndege. Nikamwambia swali zuri, muulize mama yako. Kwa hiyo jiandae. Najua si vizuri. Nimeliona jibu likinitoka na sikulirudisha.

Sasa nisikie, mdogo wangu. Watoto ni wako. Sina ubishi, na hata ningekuwa nao, nani angenisikiliza? Umewabeba mimba wewe, umekwenda kuhangaikia maisha yao wewe, tangu baba yao alipoingia mitini hukulala. Njoo uwachukue. Lakini usinifiche mimi katika nyumba yangu. Piga simu, waambie watoto wanipe niongee wa kwanza, uniambie kwa mdomo wako: dada, nakuja mwezi fulani. Nitalia, utanisikia nikilia, kisha nitakuuliza huko kuna baridi kiasi gani ili nijue wavae nini. Na ukija, kaa kidogo. Tinga anakujua sauti tu. Hajui harufu yako, na akilala anataka sikio la mtu la kushika. Usishtuke akishika langu kwanza.

Mjomba wetu kinyozi anakusalimu, anasema ukija usimletee mashine nyingine ya kunyolea, ile ya kwanza ilimchubua mteja. Shangazi anasema kwenye picha umepungua, na kwamba kukonda si dalili ya maendeleo. Fundi viatu hakusalimu kwa sababu hatujapatana. Nisalimie yule mpishi unayekaa naye chumba kimoja, mwambie akulazimishe ule.

Mungu akupe kifua kizima na mgongo wa kuinulia wazee wa watu, akulinde barabarani usiku ukitoka zamu, na siku utakapotua akufikishe mlangoni kwangu kabla ya mlango mwingine wowote. Mabegi ya watoto nitayafunga mimi mwenyewe, nayajua yanavyokaa. Sitakushika nguo wala kukutilia fitina. Nitasimama kizingitini niwapungie mkono mpaka gari likate kona, na wa kulia naye hapo nimeshampata.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nikuoneaye wivu,

Mama Mkubwa wao.