Kiti Ulichonyimwa kwenye Bodi ya Wahasibu

Baba yangu,

Najua hutanijibu, lakini sina mwingine wa kumwambia. Jana nilikutana na mwenyekiti mpya wa ile bodi inayotoa leseni za wahasibu kule nyumbani. Ni yule yule mkaguzi aliyepitisha hesabu za uongo za chama cha akiba cha walimu, kikaanguka na jasho la Mama na walimu wenzake.

Unakumbuka wahasibu wenzako walipokupendekeza uingie kwenye bodi hiyo? Ulitueleza tukiwa mezani, ukimega ugali: wahasibu hupiga kura na kupeleka majina, waziri huchagua, kisha jina hutangazwa kwenye gazeti la serikali. Mama akauliza, "Kwa hiyo kura zenu ni za nini?" Ukacheka. "Waziri hawezi kutupuuza sote."

Kisha akaja msaidizi wa waziri, mtu mpole, akanywa chai yetu. Alitaka ahadi moja tu: ukiteuliwa, leseni ya yule mkaguzi isiguswe.

"Sasa bodi ni ya kazi gani?" ukamuuliza.

Akashukuru kwa chai, akaenda zake. Gazeti lilipotoka lilikuwa na jina la mtu ambaye hakuna mhasibu aliyempendekeza. Hukulalamika. Uliacha tu kwenda kwenye mikutano ya wahasibu, na nyumbani ukawa mtu wa kuitikia bila kuongea. Nilikasirishwa na ukimya wako. Tulikuzika nikiwa bado na hasira hiyo, na sijui kama imeisha.

Sasa niko Doha, mhasibu katika kampuni moja ya mtaa wa West Bay. Jana wahasibu Wakenya tuliitwa hotelini kumsikiliza mwenyekiti huyo mpya, mgeni kutoka nyumbani. Alizungumza juu ya uadilifu, tukampigia makofi. Baadaye akapita akitusalimia. Aliposikia jina langu hakuuachilia mkono wangu.

"Kumbe wewe ni binti wa yule mzee? Alikuwa mtu safi. Shida yake hakujua kuishi na watu."

"Na wewe, mwenyekiti," nikamuuliza, "ni wahasibu gani waliokupendekeza?"

Akatabasamu. "Hayo ya kupendekezwa yaliondolewa, binti yangu. Siku hizi waziri anateua mwenyewe." Akageukia mwingine.

Rafiki yangu Achieng', tunayefanya kazi naye, akanivuta kando. "Wachana naye, dada. Leseni yako inaisha lini?"

Inaisha mwezi ujao, Baba. Bila leseni kampuni haiongezi mkataba wangu, na bila mkataba sina kibali cha kukaa hapa. Mwenye kuitia sahihi leseni hiyo ni yeye, mwenyekiti. Leo asubuhi nimetuma maombi, na nimemwita Mheshimiwa, kama inavyotakiwa.

Wewe ulikufa bila kumwomba mtu yule chochote. Mimi nimemwomba, na nimemwomba kwa adabu.

Lala, Baba.

Kifungua mimba wako,
Doha