Mama Kamchagua Mwenzangu

Shoga uko wapi?? Leo wivu utaniua.

Mama kaja kliniki kwetu kutolewa kile kinundu cha shavuni. Kinundu kimeshatoka, nimevaa glavu, sindano na uzi mkononi nifunge kidonda, ananiambia, "Anishone huyu mwenzako. Wewe nishike mkono."

Mwenzako! Yule daktari mpya ninayekulalamikia kila siku!

Eti kovu nililomwachia mjomba mgongoni limekaa kama ngazi.

Basi nikamshika mkono. Mwenzangu akapitisha uzi ndani kwa ndani, chini ya ngozi, kidonda kikajifunga taratibu, mshono huuoni. Shoga, HUUONI. Nimetafuta kosa mpaka macho yameniuma.

Alipomaliza, mama akamtazama kwa upole. "Asante, mwanangu."

Mwanangu!! Na mimi nipo palepale, mkono wake bado nimeushika.