Wamatengo Majini

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya klabu. Kipindi cha mwisho hakuna anayesikiliza, macho yote dirishani. Kengele ikilia tu shule inagawanyika: kwaya kanisani, skauti kwenye bendera, bustani nyuma ya jiko, wa mdahalo wanapigiana kelele darasa la saba. Netiboli ni yangu. Mpira umeisha upepo tena. Mwalimu Gotfrid wa michezo kaujaza kwa pampu ya baiskeli.

Jumamosi tunacheza na shule ya upande wa Lituhi, kando ya ziwa hili hili la Nyasa. Nyuma nitamweka Winfrida wa darasa la sita. Mrefu, hana papara. Ni mtoto wa bweni, Mmatengo wa milimani Mbinga kama mimi. Leo kanung'unika juu ya ugali wa muhogo. Nikamkanya. Moyoni nilikuwa upande wake.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumerudi. Wote. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Gari la parokia bovu, kwa hiyo jana tulikwenda kwa boti. Tulishinda. Tukarudi tunaimba. Katikati ya safari upepo ukageuka, wimbi likaingia, injini ikazima. Boti ikalala ubavu na kusimama, ikalala na kusimama.

Watoto wa ziwani walianza kukomba maji kwa sahani zao. Hakuna aliyewaambia. Sisi wa milimani tulikaa kama magunia. Winfrida alinikaba shingoni kwa mikono yote miwili, nikakosa pumzi. Hakulia. Afadhali angelia.

Wavuvi walituona, wakatupa kamba, wakatuvuta hadi ufukweni. Mungu awabariki.

Leo misa ya shukrani. Sikuimba. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Sijui kuogelea. Walikuwa watoto wangu mle ndani na mimi nilikuwa mzigo.

Jumatatu, 11 Agosti

Kikao cha walimu. Sista Kanisia, mkuu wetu, hana maneno mengi. Alisema: "Boti basi. Lakini ziwa halihami. Kuanzia wiki hii kuna klabu ya kuogelea."

Mwalimu wa mdahalo akauliza kama hilo limo kwenye silabasi. Sista akauliza nani atafundisha. Gotfrid, ambaye kazaliwa Lundo na kukulia majini, akakubali kufundisha. Sista akataka mwanamke wa kuingia majini na wasichana. Wote wakaangalia meza.

Nikanyoosha mkono. Sijui nilifikiri nini.

Jumatano, 13 Agosti

Netiboli nusu saa, kisha ziwani. Gotfrid kafunga madumu matupu ya mafuta ya kula kwenye kamba, kaizungusha pale kwenye ghuba ambapo maji hayamfiki mtu kifuani. Nje ya kamba mtu haendi. Wasichana wamevaa taiti na fulana ndefu. Mimi vilevile. Nilikuwa naona haya mpaka nilipoingia, maji yakanitoa haya na kunipa baridi.

Kazi ya leo: kutia uso majini na kupuliza. Nilimeza. Nilikohoa mbele ya wanafunzi wangu wa sayansi, wale ambao niliwafundisha kwamba mwili wa binadamu huelea. Walicheka sana. Vizuri wacheke.

Winfrida hakuingia. Alikaa mchangani, mgongo kwa ziwa, anatazama ukuta wa bweni. Nilimwacha.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Hakuna masomo. Kwaya imeimba vizuri, ila pana pengo. Winfrida ndiye huanzisha nyimbo. Leo alisimama mstari wa nyuma, midomo imefungwa. Mwalimu wa kwaya kaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema ndiyo. Si uongo.

Jumatano, 20 Agosti

Wiki mbaya. Parokiani wapo wanaosema masista wanawavua wasichana nguo ufukweni. Taiti na fulana! Sista Kanisia kawaalika waje waone. Hawajaja.

Lakini hilo si kitu. Matroni kaniambia Winfrida halali, anashtuka, anashika nguzo ya kitanda. Leo kaazima simu ya matroni na kumpigia baba yake aje amchukue. Simlaumu. Mimi pia, nikilala, kitanda kinayumba.

Netiboli kaacha. Kwaya kaacha. Nilimketisha jikoni, nikamwambia hakuna atakayemlazimisha kuingia majini. Akaniambia, "Najua, madam." Kwa adabu tu. Kama mtu aliyekwisha funga mizigo.

Jumamosi, 23 Agosti

Baba yake kaja. Mzee Betram. Mkulima wa kahawa, mabuti ya mvua, koti la misa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kakodi pikipiki kutoka Mbinga. Nilimwamkia Shikamoo. Akaitikia, halafu akasema moja kwa moja: "Nilimleta asome. Sikumleta afe maji."

Sista kamwambia mtoto ni wake, hatamzuia. Ila dereva wa pikipiki hakutaka kuupanda mlima jioni. Wataondoka kesho baada ya misa.

Klabu sasa tunakutana Jumamosi pia. Sikutaka kwenda. Nikaenda. Mzee Betram akateremka nyuma yetu, akasimama mbali kabisa na maji, Winfrida pembeni yake. Nilijua ananitazama. Leo tulikuwa tunajifunza kuelea chali. Gotfrid ananishika kisogo, akiniachia nazama, natoka na pua imejaa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watoto wote wanaelea, mwalimu wao anazama.

Nilipotoka kujifunga kanga, mzee akaja, Winfrida nyuma yake. Akazungumza Kimatengo. Sijasikia Kimatengo kutoka kwa mtu mzima tangu Pasaka.

"Wewe ni mtoto wa kwetu. Huogopi?"

"Naogopa, baba."

"Sasa unafuata nini humo?"

Nikamwambia ukweli. Siku ile kwenye boti mwanao alinishika mimi. Boti ingepinduka, tungezama pamoja, na mimi ndiye mwalimu wake. Sitaki mtoto mwingine anishike halafu niwe jiwe.

Akalionyesha ziwa kwa kidole. Kisha akasema mdogo wake alikufa humu, ujanani, alipokuja kununua samaki. Hakupatikana. Tangu siku hiyo yeye hajaligusa ziwa. Anakula mbasa, samaki wa humu, lakini maji yenyewe hajayagusa. Winfrida alikuwa anamsikiliza, mdomo wazi. Nadhani hakuwahi kuambiwa.

Mzee akakaa chini. Akavua mabuti. Akakunja suruali, miguu yake myembamba, myeupe kwa vumbi. Akaingia. Kifundoni. Magotini. Akageuka, akanyoosha mkono.

Winfrida hakusogea. Watoto kwenye kamba wakaacha kurushiana maji, hata wale wakorofi. Kisha msichana akavua viatu.

Walisimama wameshikana mikono, maji magotini. Wimbi dogo likaja, mzee akaruka kama mbuzi. Winfrida akacheka. Kicheko cha kwanza tangu boti.

Nililia. Gotfrid kajifanya anakaza madumu.

Jumapili, 24 Agosti

Wameondoka. Nilidhani ya jana yangebadilisha mambo. Hayakubadilisha. Asubuhi Winfrida alikuwa amekwisha kukunja godoro. Baba yake kaniambia, "Nimefurahi, mwanangu. Lakini mtoto halali. Acha aende kwa mama yake." Ana haki.

Godoro limefungwa nyuma ya pikipiki, sanduku juu yake, yeye katikati. Hakugeuka nyuma.

Bwenini kitanda kimebaki chaga tupu. Wenzake wameshaanika taulo juu yake.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeelea.

Gotfrid aliniachia na sikujua kwamba ameniachia. Masikio ndani ya maji, anga juu, milima ya ng'ambo kwa mbali. Watoto walishangilia kama nimezaa. Furaha kubwa, halafu ikanywea mara moja. Nilitaka kumwonyesha mtu, na mtu huyo hayupo.

Jumamosi, 30 Agosti

Mvua ya ghafla. Klabu hakuna. Nimesahihisha madaftari.

Jumatatu, 1 Septemba

Mstarini asubuhi tunaimba wimbo wa taifa, pikipiki ikaingia getini na godoro.

Mzee Betram kasema nyumbani Winfrida alilala siku zote, usingizi mzito. Jana kigangoni kwao akaanzisha wimbo wa matoleo bila kuombwa. Walipotoka kanisani akamwambia baba yake anataka kurudi shule. Baba akamwuliza, na ziwa je? Akasema ziwa lilikuwepo hata kabla ya siku ya boti.

Sharti moja la mzee: asilazimishwe maji. Sista akasema hatalazimishwa. Mimi nilibeba sanduku.

Ugali wa muhogo mchana. Kaula wote.

Jumatano, 10 Septemba

Karudi netiboli, nyuma pale pale. Akanipiga kiwiko katika kugombania mpira, hakuomba radhi. Kwaya nayo imerudi kuwa kwaya.

Kuogelea bado hataki. Wengine wakiteremka na taulo, yeye anabaki na bustani, anamwagilia mboga za chainizi. Gotfrid kaniuliza tufanyeje. Nikasema tusifanye chochote.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya kufua. Bomba la bweni limekauka tangu jana, wasichana wote wameteremka ziwani na mabeseni. Nilichelewa kushuka kwa sababu ya zamu.

Winfrida alikuwa katikati yao, sketi imelowa mpaka kiunoni, anagombana na mwenzake juu ya kipande cha sabuni. Sabuni ikaponyoka. Akaifuata hatua kadhaa ndani, maji yakamfika tumboni, akainama, akaidaka, akarudi bado anagombana.

Sikumwita. Nikaenda upande wangu na nguo zangu.