Mstari Nilioruka Mbele ya Wazee

Mama yangu,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye maombi nimelizungukazunguka tu. Siku ile Baba Mdogo aliponipa karatasi ya vyeti vya kompyuta niisome mbele ya wazee wa kanisa, niliruka mstari. Niliuona, nikauelewa, nikaupita kama haupo.

Sasa ndiyo nikuamkie. Shikamoo mama. Mwakeye, mmeamkaje huko Kitahana? Mguu umepona? Maharage yametoa maua au mvua imeyaharibu? Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira, wiki nzima chakula hakipiti vizuri. Nakuandikia kwa sababu simu unaiweka spika na majirani wote wanaitikia, na hapa Kasulu nikipiga, Baba Mdogo anasimama pembeni.

Unakumbuka mlivyonitoa kwenye cherehani, nimeshafikia kukata sare za shule peke yangu. Mkasema dunia ya sasa ni kompyuta. Sikukataa. Nikaja, na kweli nikazipenda. Kompyuta ikigoma kuwaka naifungua, napangusa vumbi, naichokonoa mpaka iwake, na moyo unatulia. Lakini chuoni kwetu, mwisho wa masomo unachagua mtihani wa cheti kimoja tu. Jina likishapelekwa, limepelekwa.

Baba Mdogo alichagua kama watu wanavyochagua posa, kwa ukubwa wa jina. Kiingereza hakisomi, unajua. Akapitisha kidole kwenye karatasi, akasimama penye maneno marefu kuliko yote.

"Hiki hapa! Kinasemaje?"

"Ukaguzi wa usalama wa mitandao, baba."

"Ukaguzi! Mnasikia wazee? Mkaguzi akifika mahali watu wanamkimbilia na soda. Na hiki kifupi?"

"Hicho cha kuanzia. Kutengeneza kompyuta na kuwasaidia wanaozitumia."

"Kutengeneza! Umetoka kwenye ufundi unarudi kwenye ufundi? Hebu endelea na hicho kikubwa."

Chini yake paliandikwa kwamba hakitolewi kwa mtu ambaye hajafanya kazi hiyo miaka mitano. Mama, wazee wote walikuwa wananitazama, Baba Mdogo anatabasamu meno yote nje. Unanijua, mbele ya watu sauti yangu inaingia tumboni. Nikasoma mstari wa juu, nikasoma wa chini. Jumapili iliyofuata akasimama wakati wa matangazo: "Binti yetu anakwenda kuwa mkaguzi wa mitandao!" Wakapiga vigelegele. Yaani vigelegele, mama, kwa cheti ambacho hata nikifaulu hawanipi!

Juzi nikamwendea mwalimu wetu, dada Jesca. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki.

"Mdogo wangu, nani kakudanganya? Anza na cha ufundi. Kuna zahanati inatafuta mtu wa kompyuta zao, na wanataka hicho hicho. Lakini majina tunafunga Jumatatu asubuhi."

Jana nikajaribu kumwambia Baba Mdogo. Nilifika "Baba, kile cheti..." mwanawe Jofrey akadakia, "Injinia cherehani kaogopa mtihani!" Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao. Nilicheka, mama! Hilo linaniuma kuliko yote. Baba Mdogo akasema nikishindwa jembe lipo, Kitahana haijahama.

Namkasirikia yeye, aliyechagua kwa lugha asiyoijua na asiulize mara mbili. Nakukasirikia na wewe, unisamehe, kila nikipiga neno lako ni moja tu: "Msikilize baba yako." Mimi ananisikiliza nani? Lakini zaidi najikasirikia mwenyewe. Mmenisomesha lugha mbili, na siku nilipotakiwa kusema neno moja tu la kweli, zote mbili zilinikimbia.

Kesho Jumatatu nitaandikisha cha ufundi. Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Wakinirudisha nyumbani kwa hilo, nitarudi.

Nisalimie bibi, aliyenifundisha kushika sindano, na kaka Elia, achunge mbuzi wake wasile maharage yako. Shangazi wa Buhigwe, yule muuza ndizi, akipita mwambie nimemkumbuka.

Tangu nianze kuandika, kila anayepita ukumbini naisukuma barua chini ya godoro. Nimefanya hivyo mara tatu leo mchana. Sasa nasikia kandambili za Baba Mdogo, na anakohoa vile anavyokohoa akitaka kuingia. Lakini safari hii karatasi iko hapa juu ya meza na siiondoi. Amegonga. Anauliza, "Unamwandikia nani humo?"

Nimemjibu, "Mama. Ingia baba, ukae, kuna mstari sikukusomea."

Mwanao,
Grasiana