Vigae vya Kaburi la Baba

Changamwe, 14 Januari 2024

Kaka Ruwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila miguu ya Mama inamsumbua. U hali gani wewe na joto la Doha?

Yale maghorofa yaliyokuwa yakijengwa kilimani juu yetu yamekwisha. Kilima kimekatwa, na kaburi la Baba sasa liko ukingoni, juu kabisa ya jiko la Mama. Kabla kampuni haijaondoka, msimamizi wao, Charo, alipanda nyasi mteremko wote hadi kulizunguka kaburi. Ametuambia tusizikate wala tusichungie mbuzi pale, maana mizizi inahitaji misimu kadhaa ya mvua ndipo ishike udongo. Nikamuuliza nani atazitunza miaka yote hiyo. Akacheka, akasema, "Ni nyinyi."

Dada yako,
Mweri

Doha, 21 Januari

Mdogo wangu Mweri,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie Mama nimempa binamu yetu Boga dawa ya kuchua, atamletea.

Picha uliyotuma imenitia aibu. Kaburi la mzee limemezwa na nyasi kama la mtu asiye na mwana! Mwezi wa tatu anatimiza mwaka, na ukoo wote wa Kaloleni utakuja kwenye kumbukumbu. Watasema nini? Unajua kwetu kaburi hupaliliwa likawa jeupe. Ng'oeni nyasi zote, mtafute fundi alizungushie sakafu nene na kulitia vigae. Huyo Charo si wa kwetu, na si yeye atakayetuzikia watu.

Kaka yako mkubwa,
Ruwa

Changamwe, 18 Machi

Kaka,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, na Mama anatembea vizuri tangu apate ile dawa.

Kumbukumbu imepita salama. Nilibishana na Mama kuhusu nyasi, akanijibu, "Ruwa ndiye baba yako sasa." Akashika jembe mwenyewe. Nikaona haya, nikamsaidia. Vigae vinang'aa hadi barabarani, na watu wa Kaloleni wamekusifu mpaka Mama akalia kwa furaha. Ila mteremko umebaki uchi, na manyunyu ya jana yameleta tope jekundu mlangoni mwa jiko. Mama amelifagia, anasema ni kidogo tu. Mimi naogopa. Mwambie ahamie kwangu Magongo mpaka masika yaishe. Wewe atakusikia.

Dada yako,
Mweri

Doha, 3 Aprili

Mweri,

Hamjambo nyote? Nisamehe kwa kukawia, kazi imenibana.

Nilimpigia Mama, akasema hawezi kuwaacha kuku wake, nami sikumsukuma. Mvua si hupita? Nikija likizo mwisho wa mwaka tutajenga ukuta wa mawe. Usimtie Mama hofu bure. Nitumie picha nyingine ya vigae, niwaonyeshe wenzangu hapa.

Kaka yako,
Ruwa

Changamwe, 19 Mei

Ruwa,

Boga ameshakupigia, kwa hiyo sitaanza na salamu. Mama tumemzika Kaloleni.

Unauliza ilikuwaje. Mvua ilinyesha siku nyingi bila kupumzika. Asubuhi ile Mama alikuwa anakoroga uji. Mteremko ulishuka wote kwa pamoja, kaburi la Baba likatangulia na kuuangusha ukuta wa jiko. Charo alisikia habari, akaja kuchimba pamoja nasi mpaka tukampata. Hakutaja nyasi hata kidogo, na hilo ndilo lililoniliza.

Sikulaumu peke yako, kwa sababu na mimi nilishika jembe. Lakini nakuchukia, Ruwa, na sijui lini nitaacha. Nimepanda nyasi juu ya kaburi la Mama. Kaloleni kwetu ni tambarare, hazina kazi, nimezipanda tu. Ukija usizing'oe.

Uliomba picha ya vigae. Sikuweza kuipiga. Sakafu yote ilifika jikoni nzima nzima, na hakuna kigae hata kimoja kilichovunjika. Fundi wako alifanya kazi nzuri.

Mweri