Kwa Mwaura, Aliyetia Vichekesho Kwenye Filamu ya Wanazi

Ndugu yangu Mwaura,

Simu yako imezimwa tangu mwezi wa tatu, na wale jamaa wa kibanda chako cha filamu hapa Noonkopir, Kitengela, wanasema hawajui uko wapi. Kwa hivyo nakuandikia mahali ambapo kila mtu atasoma. Anayekujua na akupelekee. Mama ni mgonjwa, na si ule ugonjwa wake wa kukohoa wiki mbili ukaisha. Hawezi kuketi bila kushikwa. Anakunywa uji vijiko vitatu, anageuza uso, na mlango ukifunguliwa anauliza kama ni wewe. Nimechoka kumjibu, Mwaura. Haki nimechoka.

Najua kwa nini huji.

Ni mimi niliyekuita shuleni. Filamu ilikuwa ya Kijerumani, maandishi madogo chini, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawasomi maandishi ya chini, wanalala. Nikajisemea, si niko na ndugu ambaye kazi yake ndiyo hiyo? Anashika maiki, anaweka sauti yake juu ya filamu ya wageni, anaieleza kwa Kiswahili chetu hiki, na watu wanajaa hadi nje. Ulikuja umevaa shati la kanisani. Nikakuonya mlangoni, "Hii si kung-fu. Hawa ni Wayahudi wanauawa, milioni sita." Ukasema, "Niko na akili, sista."

Kwa dakika kumi ulikuwa mzito kama mhubiri. Watoto wakaanza kusinzia. Nikakuona ukiwaangalia, nikajua basi. Yule ofisa mnene alipotokea akivuta suruali ipande tumbo, ukampa sauti ya chifu anayetafuta kuku wa bure, na darasa lote likaamka. Wueh! Walicheka hadi mmoja wa nyuma akaanguka na kiti. Mimi pia nilicheka, sitakuficha. Kisha picha ikabadilika, wanawake wakapangwa laini wakiwa uchi kwenye baridi. Wewe ulinyamaza. Nashuhudia kwamba ulinyamaza. Lakini watoto walikuwa wameshashikwa na kicheko, wakaendelea, wakawacheka wale wanawake.

Nikachomoa waya. Nikakuambia mbele ya watoto arobaini, "Ungekuwa kambini ungewachekesha hawa? Na siku baba alipochomwa, ulimchekesha nani?"

Hukupaza sauti. Ulikunja waya zako polepole, ukasema tu, "Nilimcheka askari. Sikumcheka mtu mwingine." Ukatoka.

Tangu hapo nabishana na wewe kichwani kila siku. Nakwambia machungu ya wale watu si yetu, hakuna aliyeturuhusu kuyafanyia mzaha. Unanijibu kwamba muuaji anapenda sana kuogopwa, na ukimcheka umemnyang'anya kitu. Nami nakujibu, amenyang'anywa nini? Watu walikufa vilevile. Nikasikia kwamba hata Wayahudi wenyewe huko ng'ambo wametengeneza filamu za kuchekesha juu ya mambo hayo hayo, nikatafuta moja, nikaitazama jikoni nikimpikia mama uji. Nilikasirika. Halafu kuna mahali nikacheka kwa sauti, halafu nikakaa kwenye kiti nikalia, na uji ukaungua. Wale watoto hawakupaswa kuwacheka wale wanawake, hapo sitabadilisha neno. Lakini wiki ileile uliyoondoka, yule aliyeanguka na kiti alinifuata ofisini, akaniuliza, "Madam, wale wamama kwenye laini walikuwa wanapelekwa wapi?" Nafundisha mada hiyo mwaka wa tisa sasa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza.

Hata hivyo si hilo linalonimaliza.

Unakumbuka hema letu? Nilitoka kwa tata, shangazi yetu, kule Matasia, nilikokuwa nimeenda Krismasi, nikawapata wewe na mama kwenye kambi ya wakimbizi kule Bonde la Ufa, baada ya zile ghasia za uchaguzi. Nyumba ilikuwa imeshachomwa, baba ameshazikwa. Mama alikuwa haongei. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ukabeba jerikeni tupu, ukaanza kuigiza yule jirani aliyeiba kochi letu: amelifikisha kwake, halitoshei mlangoni, analigeuza, linakataa, anamtukana bibi yake ati kwa nini mlango ni mdogo. "Sukuma! Si hivyo, ng'ombe wewe! Sukuma na matako!" Mama alicheka hadi akashika mbavu. Watu wa hema zingine wakaja kutazama. Mimi sikucheka. Nilidhani umeshikwa na wazimu, na nilidhani umeitunga.

Jumapili iliyopita nilimweleza mama jinsi tulivyokosana. Alifumba macho, nikafikiri amelala. Kisha akasema, "Hakutunga. Tulikuwa tumejificha ndani ya ua wa miiba ya kayaba, nimemziba mdomo na leso. Kochi tuliliona kwa macho yetu. Na nyumba ilikuwa inawaka saa hiyohiyo, na baba yenu alikuwa ndani."

Nikamuuliza kama mlimsikia.

"Muulize Mwaura," akaniambia. "Mimi aliniziba masikio."

Mwaura, mikono yako yote miwili ilikuwa kwa mama. Masikio yako wewe yalikuwa wazi. Miaka tisa! Na ukatoka hapo ukachagua kile kipande kimoja ambacho mtu anaweza kukisema, ukamletea mama hemani, akarudi kuongea. Na mimi niliyekuwa Matasia nikila chapati, ndimi niliyekuuliza mbele ya watoto ulimchekesha nani siku baba alipochomwa. Natamani ardhi inimeze. Nasimama darasani nikifundisha na nasikia sauti yangu ikikuambia hivyo.

Alhamisi nilienda hadi Ewuaso Kedong, kwa sababu mtu alisema alikuona huko siku ya soko ukionyesha filamu. Mama mmoja anayeuza shanga akanipa kigoda nikae. "Alikuwa anatuchekesha sana," akasema, "kisha akahama." Wapi, hakujua. Nikarudi Kitengela na mama akauliza tena.

Daktari aliniita kando. Hataji miezi tena, anataja siku. Njoo umwone. Sikuiti uje tumalize ule ubishi, na kama hutaki kuniangalia, nitatoka nje hadi umalize naye.

Lakini ukiweza, kaa kidogo na mimi pia. Nawauliza watoto wa watu juu ya vita vya Ulaya, nawapa alama, na wewe sijawahi kukuuliza ulisikia nini. Hata mara moja. Nakuuliza sasa. Nieleze vile unavyoweza, hata kama ni kwa mzaha tangu mwanzo hadi mwisho. Nitakungoja mpaka hadithi yako ifike pale kwa baba.

Ni mimi dada yako, ambaye hakuwepo.