Nyanya za Shamba Ambalo Sikufika

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mpwa wangu Kibiriti,

Salamu hizi zikukute umesimama imara, maana zimetoka kwa mtu aliyeketi. Hujambo huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimeondoka, au kimeshajifanya mpangaji? Mumeo na watoto je? Sisi wazima. Mama yako anatembea bila mkongojo. Mimi goti la kulia linanisumbua, lile nililoliumiza siku niliposukuma lori peke yangu mlimani, lakini leo sikuandikii habari za goti.

Unakumbuka mwaka ulipoanza uliniomba nimtafutie mama yako vyakula vya kilimo hai, vyenye cheti, tena kwa bei ambayo watu kama sisi tunaiweza kila siku. Sababu unaijua. Dada yangu alibeba bomba la dawa mgongoni kwenye mashamba ya maua miaka kumi na mmoja, na siku alipolitua alisema, "Kilichopita kwenye bomba hili hakitapita kooni mwangu." Tangu hapo kila sahani anaitazama kama mtu anayesoma hati ya mahakama. Wewe ukanichagua mimi, na hukukosea, kwa sababu katika ukoo huu hakuna anayelijua soko kama mjomba wako.

Nilianza supamaketi. Mayai sita yenye nembo ya kilimo hai yalikuwa bei ya kuku aliyeyataga. Maharage kilo moja, kwa pesa hiyo sokoni ningepata tatu na za kuonjesha majirani. Nikanunua maharage kidogokidogo, ya cheti na ya sokoni, nikarudi nyumbani, mkaza mjomba wako akapika sufuria tatu na kunifunga macho kwa kitambaa. Nikaonja, nikataja yapi ya cheti na yapi ya gunia, yote sawasawa. Ndivyo nilivyokuandikia. Ukweli nilipata moja, na hilo nililipata kwa sababu mkaza mjomba wako alicheka.

Ndipo akaja Kidevu. Unamjua, yule ambaye kidevu chake huingia ndani kabla yake. Alisimama nami siku ya harusi yangu. Alipoanguka kutoka juu ya paa nilimbeba mgongoni maili nne hadi hospitali, ingawa yeye atakwambia mbili. Mwezi wa tatu alifungua duka, na ukutani rafu nzima ya vyakula vyenye nembo ya jani la kijani, na namba ya cheti chini yake, bei imepita ya kawaida kwa kiasi kidogo tu. Mimi ndiye niliyempeleka kwa bosi wangu ili lebo za duka lake zichapwe kwa bei nafuu. Nilimshika mkono hadi mezani, nikasema huyu ni ndugu yangu.

Nilikuandikia kwamba nimefika shambani kwenyewe, nikaona nyanya kama vichwa vya watoto, na mkulima akanipa kiti chake nikae. Mpwa wangu, sikufika. Kidevu aliniambia kuna shamba ng'ambo ya mto, nami maneno yake nikayavalisha viatu vyangu. Majirani nao niliwasimulia, na mama yako nilimwambia hivyo hivyo mezani. Akauliza mara mbili, "Umefika wewe mwenyewe?" Nikasema nimefika. Ndipo akachukua kijiko. Miezi minne amekula kwa sababu ya hicho kiti nilichokalia.

Sasa sikiliza. Kazi yangu ni mashine ya kukatia karatasi. Karatasi hunijia zimelala kifudifudi, chapa chini, ili kibano kisizichafue. Napewa kipimo, nakata. Naweza kukata rundo refu kama mlango huku nasimulia, na kidole hata kimoja hakijapungua. Jumanne, wiki mbili zilizopita, kisu kilikwama, nikageuza karatasi kuona kilichokizuia. Nikaliona jani la kijani. Chini yake namba ileile iliyo kwenye maharage yetu, namba niliyoikariri kama ya simu yako. Na karatasi hiyohiyo moja ilikuwa na lebo za mayai, mchele, maharage na asali, zote namba moja. Nikajiuliza, ni shamba gani hilo linalotaga mayai na kurina asali?

Nilimuuliza bosi kazi ile ni ya nani. Akanishangaa. "Si ya ndugu yako? Analeta maandishi mwenyewe tangu mwezi wa tatu. Umeshamkatia rundo la sita hilo."

Nilikwenda dukani bila kuvua aproni. Nilimkuta Kidevu chumba cha nyuma, gunia liko wazi, limeandikwa jina la soko la jumla tunalolijua sote, naye anachota maharage kwa kikombe na kujaza mifuko ya jani la kijani.

"Shamba liko wapi?" nikamuuliza.

"Si wewe umefika?" akasema. "Wateja wanakuja hapa wananiambia, jamaa wa mashine amefika, ameona nyanya kama vichwa. Mimi nilisema ng'ambo ya mto, basi."

"Na nembo?"

"Umekata wewe, kaka."

"Dada yangu anakula hivi. Unajua alichokibeba mgongoni."

"Ameugua? Ulisema ulimi wako haudanganywi. Miezi minne ulikuwa unasema nini?"

Na alivyosema hivyo, mpwa wangu, aliendelea kuchota. Hakukitua kikombe. Miaka thelathini, na mtu hakitui kikombe akutazame.

Nilimwambia mama yako yote. Alitoa kila mfuko kwenye rafu, akaifuta kwa kitambaa chenye sabuni. Kisha akaniuliza, "Ulifika au hukufika?"

"Sikufika."

"Kidevu ni mtu wa nje," akasema. "Wewe tumenyonya titi moja."

Siku sita alipika peke yake viazi vyake alivyopanda kwenye ndoo, akala dirishani, ametugeuzia mgongo. Nilitamani anitukane.

Siku ya saba fundi cherehani wa jirani alinielekeza kwa kikundi cha akina mama wanaolima kwa cheti cha pamoja. Safari hii namba niliipeleka kwanza ofisi inayotoa vyeti, nikamsomea karani tarakimu moja moja. Akaniambia cheti hicho ni cha mboga za majani, vitunguu, nyanya na maharage, na nikiuziwa yai kwa namba hiyo nimeibiwa. Kisha nikaenda shambani kwao kwa miguu, na hili goti.

Kila kitu hatukiwezi, Kibiriti. Tumechagua: mboga za majani, nyanya na maharage tutachukua kwa akina mama, tena Jumamosi wanapovuna, bei hushuka. Mchele na mayai tutanunua sokoni kama kawaida, na mezani tutasema ni vya sokoni. Mama yako atajichagulia.

Nilipoweka kikapu mezani hakukigusa.

"Niambie ulichokiona," akasema. "Ulichokiona tu."

"Matuta kumi na mawili. Mawili yameliwa na wadudu. Mama mmoja ananyunyiza majivu kwa mkono. Bomba sikuliona, na nilitazama hadi ndani ya banda."

"Walikupa kiti?"

"Hapana. Nilisimama."

"Nyanya je?"

Moyo wangu ulikuwa na nyanya kubwa tayari, mpwa wangu, sikufichi. "Ndogo," nikasema. "Nyingine zina madoa."

Alinitazama hadi nikaangalia chini. Kisha akavuta kikapu, akachagua nyanya moja yenye doa, akaipangusa kwenye gauni lake na kuiuma hapohapo, mbichi.

Msalimie mumeo, wakumbatie watoto mmoja mmoja, na mwambie mdogo kwamba gari lake la mbao nalimalizia magurudumu. Mkaza mjomba wako na mama yako wanakusalimu. Kidevu hajakusalimu, na hata angekusalimu nisingembebea salamu zake. Mungu akuwekee mkono kwenye njia zako zote na akupe watu wanaotua kikombe unapowasemesha.

Wako akupendaye, aliyefika kweli safari hii,
Mjomba.